Kufuli la Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si za kale sana maana kompyuta zilikuwapo, Mzee Kiboko aliishi kando ya mto na Tunu, mtoto wa nguchiro aliyemlea tangu akiwa mchanga. Tunu alikuwa mdogo wa kujaa kiganjani, lakini akili yake, mmh!

Siku hizo zilikuwa tamu. Kila jioni baba alitandika mkeka barazani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Baba akishindwa kutegua, alicheka mpaka baraza likatikisika.

Kisha zikaingia kompyuta mbili, ya baba na ya mtoto. Mkeka ukakunjwa. Jua likishuka, baba hujifungia chumbani akitazama mieleka ya viboko wa mito ya mbali. Tunu, akikosa wa kumtegea, akazama kwenye michezo ya mashine yake. Alimtamani baba yake kama mtu aliye safarini, na baba mwenyewe yupo chumba cha pili!

Siku moja Mzee Kiboko akapiga meza, pu!

"Wewe mtoto, macho yamekuwa mekundu kwa hiyo mashine! Nimeleta kufuli la kompyuta. Unaandika nani mzazi, nani mtoto. Saa ya mtoto ikifika, mashine yake inajifunga yenyewe, na mzazi peke yake ndiye anayeifungua."

"Sawa, Baba. Liweke basi."

Mzee Kiboko akabonyeza. Kidole kimoja kikagusa herufi saba. Akajaribu tena, akanuna.

"Hebu niandikie wewe. Vidole vyangu havikuumbwa kwa mambo haya."

"Niandike nani mzazi, Baba?"

"Ala! Hilo nalo la kuuliza? Fanya upesi, mieleka inaanza!"

Tunu akaandika, cha-cha-cha! Mzazi: Tunu. Mtoto: Kiboko. Na saa ya kufunga akaweka ile ile ya mkeka.

"Tayari, Baba."

Kesho yake jioni, mieleka imenoga, Mzee Kiboko anapiga kelele, "Mbwage! Mbwage huyo!" Mara, pyuu! Kioo kikawa cheusi, na maandishi yakatokea: Muda wako umekwisha, mtoto mzuri. Mwite mzazi wako akufungulie.

"Nini?!"

Akaitikisa mashine. Akaipuliza. Kisha akasoma tena, polepole. Mwite mzazi wako.

Mama yake Mzee Kiboko alikufa kiangazi cha miaka mingi nyuma. Yeye ndiye aliyemfundisha vitendawili, kwenye baraza hilo hilo. Mzee Kiboko akamkumbuka sana, akaketi chini.

"Mzazi wangu mimi nitampata wapi?" akasema kwa sauti ndogo.

"Nipo hapa," Tunu akajibu mlangoni. "Nilikuandika wewe mtoto, mimi mzazi. Nigombeze, Baba, lakini kwanza: kitendawili!"

Mzee Kiboko akafumbua kinywa kukaripia. Sauti ikatoka nyingine.

"Tega."

"Yumo nyumbani, na hayumo."

"Kivuli."

"Siyo."

"Moshi!"

"Siyo."

"Basi nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Tanga."

"Siutaki."

"Chukua Mombasa, na bandari yake!"

"Siutaki. Nipe baraza hili."

"Haya, baraza ni lako."

Tunu akavuta pumzi.

"Nilifika hapa barazani, nikakaa. Nikaita, hakuna aliyeitika. Nikangoja mpaka nikachoka, na taa ya chumbani inawaka. Jibu ni wewe, Baba."

Mzee Kiboko akainuka, gudu, gudu, akaingia ndani. Tunu akasikia vitu vinapanguliwa kabatini, akadhani fimbo inatafutwa.

Baba akatoka na mkeka, akaupangusa vumbi, akautandika.

"Sasa zamu yangu," akasema. "Kitendawili!"

"Tega!" Tunu akaitika, machozi yakimtoka.

Hadithi yangu inakomea mkekani hapo, nanyi kawaambieni wakubwa wenu: anayemfungia mtoto mashine, atoke akae naye.