Mahindi ya Makaburini

Wapendwa, kabla sijawasema wengine, nijiseme mwenyewe. Mwaka ule kijiji chetu kilipopanga matumizi ya ardhi, nilisimama mahali hapahapa nikawakaripia wanaolima kando ya chemchemi. Nilikaripia kwa nguvu, mnakumbuka. Na wakati huohuo banda langu la nguruwe lilikuwa ndani ya eneo lililokatazwa, na uchafu wake ulikuwa ukiteremka kulekule mnakochota. Nilijua. Nilijiambia katazo ni la kilimo, na nguruwe si kilimo. Banda nimelivunja, lakini maji mliyokunywa mmekwisha kuyanywa, siwezi kuyarudisha. Nisameheni. Ninayoyasema leo nayasema kama mmoja wenu, si kama hakimu.

Sasa sikilizeni mfano.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha milimani, kijiji cha watu wanaolima na kufuga kidogo. Zamani watu wa kijiji hicho walizika nyumbani. Baba akifa, analazwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba yake mwenyewe, na watoto wanakua wanaliona kaburi kila siku. Ilikuwa desturi nzuri. Lakini ardhi haizai ardhi. Viwanja vikagawanywa, vikagawanywa tena, vingine vikauzwa kwa wageni. Ikafika siku mgeni mmoja akachimba shimo la choo, akakutana na mifupa ya babu wa watu. Kijiji kizima kiliona aibu.

Basi ukaitwa mkutano mkuu. Wakachora ramani ya kijiji chao chini, kwenye vumbi, kwa majivu. Palipo na nyumba wakamwaga maharage, palipo na mashamba wakamwaga mahindi, njia ya ng'ombe wakaipanga kwa changarawe. Walipofika kwenye makaburi, hakuna aliyetaka kuweka alama. Nani anataka kuonyesha mahali pake? Mwisho bibi mmoja akasema, "Nyie, mnaogopa nini? Tutaenda wote." Akachuma jani bichi akalitupa pale. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wakakubaliana kwamba makazi yawe huku, mashamba kule, na wafu wote walazwe mahali pamoja, pale chini ya kilima. Wakapaacha papana, kwa sababu walihesabu hata wale ambao hawajazaliwa. Na kuanzia siku ile asizike mtu yeyote nyumbani kwake.

Katika kamati ya ardhi ya kijiji hicho alikuwamo mkulima mmoja. Alikuwa mtu wa heshima, mtu wa kanisani, na mpango ule aliujua kuliko wenzake. Shamba lake lilipakana na makaburi. Upande wa kwake makaburi yenyewe yalikuwa bado mbali. Katikati palikuwa na majani tu, majani mazuri, na udongo mweusi ambao haujawahi kuchoka.

Msimu wa kwanza akaongeza tuta moja upande ule. Msimu wa pili akaongeza jingine. Mkewe alikuwa nyuma yake anadondosha mbegu, akasimama.

"Baba Eliamini, huku si upande wa makaburi?"

"Umeona kaburi hapa?"

"Sijaona. Nimeona jiwe la mpaka, na tumeshalipita."

"Mama, majani haya yanafuga nyoka na panya. Nawasaidia kusafisha. Wenyewe wakija watapakuta peupe."

"Wenyewe wakija!" mkewe akasema. "Watakuja wakiwa wamelala, watakuuliza nini?"

"Ndiyo maana nakwambia dondosha mbegu."

Akacheka. Mkewe hakucheka, lakini mbegu alidondosha. Mnaona? Alisema neno lake moja, kisha akadondosha mbegu. Wangapi tuko hivyo?

Na msidhani alikuwa peke yake. Upande wa juu alikuwapo mwingine anaongeza tuta lake, na kule bondeni mwingine. Kila mmoja alimwona mwenzake, na kila mmoja alinyamaza, kwa sababu akisema ataambiwa na lake. Makaburi yakawa yanaongezeka kutoka katikati, na mashamba yanakuja kutoka pembeni.

Sasa kulikuwa na mama mmoja kijijini hapo, mwenye mtoto mchanga na mbuzi jike mmoja wa maziwa. Mumewe aliugua kifua muda mrefu, halafu akafariki. Msiba ukakaa. Ndugu wa marehemu wakafika kutoka mbali. Yule mama akaomba aitiwe mkulima wa kamati. Akaja, akakaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Pole sana, Mama Nakiete."

"Nimepoa, baba. Nimekuita nikuombe jambo. Marehemu alikuwa mtu wa kusikia baridi. Miaka yote ya kuugua alikaa jikoni kwangu, karibu na moto. Aliniambia, nikifa niweke hapo nyuma ya jiko. Nafasi ipo, njoo uone."

Mkulima akainamisha kichwa. "Mama, hapa ni eneo la makazi. Tulikubaliana mkutanoni, na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Nilipiga makofi. Sikujua ni yeye."

"Nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu atazika kwake, na tutarudi kulekule kwa mifupa chooni. Si mimi ninayekataa, mama. Ni mpango."

Yule mama akasema, "Haya. Kama ndivyo tulivyokubaliana, mpelekeni kule."

Na hapo, wapendwa, niseme kweli: mkulima hakukosea neno hata moja. Aliyosema yote ni haki. Mtu anaweza kusema haki tupu kwa kinywa, na jembe lake linasema lingine.

Asubuhi yake vijana wakaenda makaburini na majembe na sururu. Wakatafuta mahali. Kaburi la mwisho limekaa hapa, na hatua chache tu kutoka hapo yanaanza mahindi. Wakageukia juu, mahindi. Bondeni, mahindi. Mahindi yenyewe yamependeza, yametoa mbelewele, yamebeba. Kijana mmoja akaegemea sururu akasema, "Jamani, tumekuja kuzika au kupalilia?" Mwenzake akamwambia, "Nyamaza wewe, mwenye mahindi yuko msibani anakunywa uji." Wakakaa chini, hawakuchimba. Wakatuma mtu akawaambie wazee.

Wazee wakaja, na mkulima akiwa kati yao. Wakasimama mbele ya yale mahindi. Kila mtu alijua ni ya nani, na kila mtu aliangalia mahali pengine. Wajumbe wa kamati wakaanza kuulizana habari ya mawingu. Ingekuwa ninyi, mngesema? Ingekuwa mimi, na banda langu la nguruwe, ningesema?

Wakati huo mwili uko ndani, na mvua inakuja kwa upande wa kilima.

Ndipo yule mama akainuka msibani, akamwacha mtoto kwa wifi yake, akateremka mwenyewe mpaka makaburini. Wanawake wakajaribu kumzuia, akawaambia, niacheni. Akafika, akayatazama mahindi, akamtazama mkulima. Watu wakasema moyoni, leo atamwaga yote hadharani.

Akapiga magoti. "Baba," akasema, "nakuomba kipande kidogo kwenye shamba lako, nimlaze mume wangu."

Kwenye shamba lako. Mnasikia alivyosema? Ardhi ya kijiji kizima, aliyoipigia makofi yeye mwenyewe mkutanoni, anaiomba kwa magoti.

Hapo, wapendwa, mlango ulifunguliwa. Mkulima yule alikuwa na neno moja tu la kusema: Inuka mama, si shamba langu. Angelisema hilo, angeaibika kidogo, watu wangemlaumu mpaka jioni, na angelala amepona. Lilimfika mpaka kooni, naamini. Akawatazama wenzake, nao wakatazama chini.

Akasema, "Inuka, mama. Chukua. Nimekupa hapo pembeni."

Vijana wakafyeka mahindi mabichi, wakachimba, na marehemu akazikwa kabla ya mvua. Mnajua desturi, baada ya kuweka udongo na maua, msemaji wa familia anasimama kutoa shukrani. Akasimama kaka wa marehemu, yule aliyetoka mbali, asiyejua lolote. Akawashukuru vijana waliochimba, akawashukuru akina mama waliopika, kisha akasema:

"Na shukrani ya pekee kwa mzee wetu huyu, aliyekubali mahindi yake yafyekwe ili ndugu yetu apate pa kulala. Kwetu mtu akikupa ardhi ya kuzikia humwachi aende mikono mitupu. Shemeji, lete yule mbuzi."

Mchungaji aliyekuwapo akasema amina. Sijui kama alijua. Alisema amina.

Yule mama akaenda kumfungua mbuzi, yule wa maziwa ya mtoto. Akamleta kwa kamba mpaka kaburini, akaiweka kamba mkononi mwa mkulima. Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Akasema kwa sauti ndogo, wala hakuwa anamkejeli, alikuwa anauliza kweli kama mtu anayeuliza njia:

"Asante, baba. Mimi leo nimepata wa kumwomba. Siku yako ikifika, watoto wako watamwomba nani?"

Je, kamba aliirudisha? Hakuirudisha. Alifunga vidole juu yake. Akaondoka na mbuzi, watu wakampisha njia, na mtoto akalia kule msibani.

Najua mmemchukia. Naona kwa nyuso zenu. Lakini mwizi anayekamatwa ana bahati, kwa sababu anajua yeye ni nani. Huyu alirudisha kipande kidogo sana cha alichochukua, na watu wakamwita mkarimu, na yeye akawaamini. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa kwa ajili yetu sisi. Sisi tunaomega njia ya ng'ombe, kisha mfugaji akija tunamwambia leo pita, nimekuruhusu, naye anatuita baba. Sisi tuliojenga vibanda kwenye uwanja wa shule, kisha tunawaachia watoto pembe moja wacheze, tunajiona tumewafadhili. Tunachukua kimyakimya, tunatoa kwa sherehe. Na siku ya kutoa tunavaa vizuri.

Tumezoea kusema, pale pamekaa bure, hapana mwenyewe. Ndugu zangu, pana mwenyewe. Hajafika tu. Anaugua mahali, au bado yuko tumboni mwa mama yake. Ng'ombe watakaopita kiangazi sasa hivi wako mbali, huwasikii kengele. Mungu anapotuachia nafasi tupu kati yetu, anampangia mtu asiyekuwapo kwenye mkutano, asiye na mdomo wa kusema, mpaka wangu ni huu. Aliyekuwapo ni wewe. Wewe ndiye mdomo wake.

Na kwa wale wa juu na wa bondeni, na yule mke aliyedondosha mbegu, na wale walioulizana habari ya mawingu: mnadhani mbuzi yule alikwenda kwa mtu mmoja? Kamba ilishikwa na mmoja. Mbuzi tulimla wote.

Simwambii mtu hapa jina lake. Wala sitaki mtu asimame atubu kwa kilio, tukamwonea huruma, tukampigia makofi naye. Nina ombi moja. Wiki hii kamati itapita kukagua mawe ya mipaka. Msiisubiri. Leo ukitoka ibadani, pitia shambani kwako, usimame kwenye jiwe lako, utazame mashina yako yapo upande gani. Ukikuta umevuka, usivunje moyo na usimtafute aliyevuka zaidi yako. Kilichoota, kifanye chakula cha wajane wa kijiji hiki, na msimu ujao usipande tena hapo. Na mtu akija kukushukuru, nakuomba sana, mwambie ukweli kwamba hapakuwa pako.