Tawi Alilolikata Vuai

"Mchuma janga hula na wa kwao." Ruzuna amemwambia kaka yake maneno hayo sasa hivi, kisha akacheka. Nimemuuliza yametoka wapi, hajui. Basi acheni kucheka, wajukuu zangu, mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na shamba dogo la mishokishoki. Mwenyewe, Bi Salhina, aliishi ng'ambo, akaajiri familia mbili zimtunzie: ya Shaame na ya Vuai. Sharti lake lilikuwa jepesi. Shokishoki za mtini ni zake. Zilizoanguka ni za watunzaji, wale au wauze. Upepo ukivunja tawi, tawi zima ni riziki yao.

Shaame aliridhika. Vuai, wapi! Mwanawe Khatibu alikuwa amechumbia, na mahari haijatimia. Akaona upepo unachelewa, heri ausaidie. Akapanda na msumeno, akakata matawi nusunusu, mti baada ya mti, akaziba mikato kwa udongo. Yakianguka, si utalaumiwa upepo? Hakumwambia mtu, hata mkewe Miza. Jamani, binadamu!

Upepo haukuja. Aliyekuja ni Bi Salhina, bila taarifa, siku ambayo Vuai alikwenda sokoni kutafuta mnunuzi.

"Khatibu mwanangu, nasikia unaoa," alisema. "Shokishoki za mwaka huu zote nakupa wewe. Chuma, ukauze, utimize mahari yako."

Miza akapiga kigelegele. Khatibu hakungoja ngazi, akaparamia mti huku akiimba.

Vuai alirudi akamkuta mwanawe juu kabisa. Kapu likamponyoka.

"Khatibu! Usikanyage tawi hilo!"

"Lipi, baba?" Khatibu aliuliza, bado anacheka.

Vuai alikodolea macho tawi hili, akakodolea lile. Alikuwa amekata mengi, na udongo ule aliupaka vizuri mno hata mwenyewe hakujua lipi zima, lipi bovu.

Tawi likalia. Khatibu akaanguka nalo, wala hakuinuka tena.

Shaame alikuja mbio, akalishika lile tawi, akapangusa udongo kwa kidole. Alama za msumeno zikaonekana. Wote wakamgeukia Vuai. Bi Salhina alikaa chini pale pale kwenye majani.

Miza ndiye aliyesema, kichwa cha mwanawe kikiwa mapajani mwake.

"Ulikwenda kulichuma janga hili peke yako, Vuai. Hukuniuliza. Mbona sasa unanilisha na mimi?"

Majirani waliokuja kuzika wakayachukua maneno ya Miza, wakayapeleka kila kijiji, yakifupishwa njiani hadi yakatufikia sisi.

Haya, Ruzuna, mwambie tena kaka yako. Mbona umenyamaza? Basi nitasema mimi: mchuma janga hula na wa kwao.