Bi Nakijwa na Mbio za Kupandisha Wazee Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia watu wawili tu, na mmoja alikuwa anapiga miayo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunaweza kwenda.

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa bado mipya, palikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana kwa jicho la upande. Kimoja upande huu wa korongo, kimoja ng'ambo. Juu yao mlima. Juu ya mlima bwawa. Bwawa lile lilikuwa na midomo miwili, mmoja ukimwaga maji upande huu, wa pili ukimwaga ng'ambo, na kila mdomo ulizibwa kwa kizibo cha gogo.

Kila kiangazi vijiji hivyo vilishindana kupanda mlima kwa baiskeli. Mbona mnanitazama hivyo? Ndiyo, baiskeli. Msiniulize zilitoka wapi. Bibi yangu alisema zilikuwako, na bibi yangu hakuwa mwongo, isipokuwa alipoulizwa umri.

Sasa sikilizeni mila yao. Kijana hakuruhusiwa kugusa kizibo hata kwa kidole. Kizibo ni cha wazee. Kwa hiyo kila mpanda baiskeli alimpakia mzee wa kijiji chake kwenye karia, kile kiti cha nyuma, akapanda naye mpaka juu. Mzee wa kwanza kuvuka jiwe jeupe la kileleni ndiye aliyechagua mdomo wa kuzibuliwa. Upande uliochaguliwa ulikunywa mpaka ushibe. Upande wa pili ulisubiri masalia. Na tangu dunia iumbwe, hakuna mzee aliyewahi kuchagua mdomo wa wenzake.

Watu wa ng'ambo walikuwa wajanja. Walimchagua Mzee Mrindoko, mzee mwepesi kuliko wote. Siku za upepo walimtia mawe mifukoni ndipo wakamruhusu kwenda sokoni. Na mbio zikikaribia walimlisha uji mwembamba, kisha wakauongeza maji, kisha wakamwonyesha sufuria tu.

Sisi wa upande huu tulikuwa na Bi Nakijwa. Bi Nakijwa hakuwa mwepesi. Akiinuka, kigoda kilishusha pumzi. Lakini ujanani aliupanda mlima ule kwa baiskeli akiwa amempakia nyanya yake, na alikijua kila kijiwe.

"Bibi," alisema Mbonea, kijana wetu aliyechaguliwa kupanda mwaka ule, "kwa heshima zote, hatuwezi kumpeleka mtu mwembamba?"

"Mwembamba atakupa nini njiani?" akauliza Bi Nakijwa, akimenya ndizi ya kuchoma. "Upepo? Upepo upo tayari. Mimi nitakupa akili."

Moyo wa Mbonea ulimuuma. Mwaka ule bwawa lilikuwa na maji ya kushibisha upande mmoja tu. Mahindi ya mama yake yalikuwa yamejikunja majani. Mama yake alikuwa ameshakaa chini shambani akayaambia, "Vumilieni, mwanangu anakwenda kuwaletea maji." Mtu akiyaahidi mahindi kwa jina lako, utalala vipi?

Siku ikafika. Ngoma ikalia, ndu! Baiskeli zikaondoka. Kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Mbele alikuwa Senkondo wa ng'ambo, kijana mwenye misuli ya miguu kama mihogo, na Mzee Mrindoko nyuma yake amefungwa kwa kamba ya mgomba. Nyuma yao Mbonea, na Bi Nakijwa juu ya karia, ana mwavuli, ana kapu la ndizi.

"Nimpite, Bibi?" akauliza Mbonea.

"Usimpite. Jifiche nyuma ya mgongo wake. Yeye apasue upepo, wewe upite kwenye mpasuko."

Kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Senkondo akapasua upepo. Mbonea akapita kwenye mpasuko.

Senkondo hakuwa mjinga. Akapunguza mwendo ili Mbonea apite mbele. Mbonea naye akapunguza. Senkondo akapunguza zaidi. Wakaenda polepole mpaka kobe mmoja akawasalimia akapita zake. Mwisho wakasimama kabisa, magurudumu yakitetemeka, hakuna aliyekubali kuongoza. Kuku akaja akaikagua baiskeli ya Senkondo kama mahali pa kutagia.

"Wajukuu," Mzee Mrindoko akasema kwa sauti yake nyembamba, "kwa kuwa tumesimama, mimi naomba kuchimba dawa."

Wakamfungua, akaenda kichakani. Mbonea akashika usukani kwa nguvu. Njia ilikuwa nyeupe. Karia ya Senkondo ilikuwa tupu. Mara akahisi sikio lake limefinywa.

"Mtu akiwa kichakani hakimbiwi," akasema Bi Nakijwa.

"Lakini Bibi, mahindi ya mama..."

"Hata mimi nina maharage, na yanakauka kuliko mahindi ya mama yako. Subiri."

Wakasubiri. Mzee Mrindoko akarudi akifunga shuka, akasema ahsanteni. Wakamfunga tena, na kwa aibu ya kusubiriwa Senkondo akakubali kuongoza.

Mlima ukasimama wima. Kwiri-kwiri ikawa kwiri... kwiri... Mapaja ya Mbonea yaliwaka moto. Jasho likamwingia machoni.

"Nimekwisha, Bibi."

"Kama umekwisha, imba."

"Niimbe? Pumzi sina."

"Ukihema, mwenzako atajua umechoka. Ukiimba, atadhani unatembea bustanini. Imba, mjukuu wangu."

Mbonea akaimba, sauti kama mlango unaohitaji mafuta:

*Panda gurudumu, panda,*
*Mlima hauna pa kwenda.*

Senkondo akasikia. "Huyu mtu kabeba mlima mwingine nyuma yake na bado anaimba?" Akainuka kwenye kiti, akakanyaga pedali kwa hofu. Akaitupa nguvu yake yote pale pale, kabla ya kona ya mwisho.

Na kona ile ya mwisho, jamani, ndiyo kona ya upepo. Vuuu! Upepo ukatoka bondeni. Kamba ya mgomba ikasema ta! Mzee Mrindoko akanyanyuka. Akaelea. Shuka ikajaa hewa. Alipita juu ya Mbonea na Bi Nakijwa akiwa ameketi vizuri kabisa kama bado yuko kwenye karia, akawapungia mkono kwa adabu, akaenda kutua juu ya mti wa miiba.

Senkondo hakujua. Alihisi tu baiskeli imekuwa nyepesi, akajisemea, "Nguvu zangu zimerudi." Akapotea kwenye kona.

Mbonea akaelewa mara moja. Mpanda baiskeli bila mzee ni mtu aliyeko matembezini. Senkondo angefika asiwe na wa kuvusha jiwe. Yeye Mbonea angekwenda tu, polepole, hata kwa kusukuma, na maji yangekuwa yao. Akauona uso wa mama yake. Akakanyaga pedali.

"Simama," akasema Bi Nakijwa.

"Bibi, nakuomba."

"Simama."

"Tumeshinda, Bibi. Upepo ndio uliomwangusha, si sisi."

"Najua. Na mimi nayataka maji kuliko wewe. Lakini yule ni mtani wangu na yuko kwenye miiba. Kiangazi kitapita, mvua itanyesha, nitakutana naye sokoni. Unataka nimtazame wapi? Miguuni?"

Mbonea akasimama. Alilia, sitawaficha. Alilia huku akipanda ule mti, alilia huku akimtoa mzee mwiba mmoja mmoja, na Mzee Mrindoko akawa anamfariji, "Pole, mjukuu. Inauma sana?"

"Mtani," Bi Nakijwa akamwita kutoka chini, "umekuja kunitembelea au umetumwa?"

"Nilikuwa napita tu," akajibu Mzee Mrindoko.

Sasa wampakie wapi? Karia ilikuwa imejaa Bi Nakijwa. Wakamkalisha mbele, juu ya usukani, miguu inaning'inia. Mbonea akaanza tena kukanyaga, mzee mmoja mbele, mzee mmoja nyuma. Kwiri... kwiri... Apende asipende, akaimba.

Huko juu Senkondo alikwisha kuvuka jiwe jeupe, akasimamisha baiskeli kwa madaha mbele ya mlinzi wa bwawa.

"Babu, shuka, tumefika," akasema bila kugeuka.

Karia kimya.

"Babu, usilale, watu wanatutazama."

Mlinzi wa bwawa akakohoa. "Mwanangu," akasema, "huyo babu yako nadhani umemsahau." Senkondo akageuka. Akaangalia karia, akaangalia chini ya karia, akaangalia hata mfukoni. Akakaa chini.

Mara wakasikia wimbo. Mbonea akatokea, shingo imetoa mishipa. Jiwe jeupe likawa karibu. Hapo ndipo Mbonea alipoona jambo.

"Bibi," akanong'ona, "Mzee Mrindoko yuko mbele."

"Nimeona."

"Atavuka jiwe kabla yako. Atakuwa wa kwanza. Maji yatakuwa yao."

"Nimeona tangu tulipompakia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Huku nyuma nafasi yote nimeikalia mimi."

Mbonea akafikiri upesi. "Nigeuze baiskeli, tuingie kinyumenyume?"

Bi Nakijwa akacheka mpaka baiskeli ikayumba. "Mjukuu wangu, mtu akiingia kwa makalio, hata akishinda atasimuliwa kwa makalio. Twende mbele."

Wakaenda mbele. Miguu ya Mzee Mrindoko ikavuka jiwe, kisha magoti, kisha pua. Baadaye Mbonea. Baadaye kabisa, mwavuli na Bi Nakijwa.

"Wa kwanza ni Mzee Mrindoko wa ng'ambo," akatangaza mlinzi wa bwawa. Senkondo akaruka juu kwa furaha. Mbonea akalala kifudifudi kwenye vumbi, akayawaza mahindi yanayomngojea, na hakuwa na la kuyaambia.

Mzee Mrindoko akashuka kwenye usukani. Akatoa mwiba uliosahaulika begani. Akatembea taratibu hadi bwawani, akaupita mdomo wa ng'ambo, akasimama kwenye mdomo wetu.

"Babu," Senkondo akasema kwa upole, "huo si mdomo wetu."

"Naujua mdomo wetu. Nilikuwa nauzibua wewe ukiwa bado unanyonya."

"Lakini wewe ndiye uliyefika kwanza."

"Nani kakwambia nimefika?" akauliza Mzee Mrindoko. "Wewe umefika, ila hukunileta. Huyu kijana amenileta. Mimi nimefikishwa tu, na aliyefikishwa hajafika."

Senkondo akaenda akamwinua Mbonea kutoka vumbini, akampangusa, akamwambia, "Ningekuwa mimi, sijui kama ningesimama."

"Hata mimi sikusimama," akasema Mbonea. "Nilisimamishwa."

Mzee Mrindoko akavuta kizibo. Kizibo hakikutikisika. Akaning'inia. Bado. "Mtani," akaita, "hebu lete huo uzito wako." Bi Nakijwa akaja, wakavuta pamoja, fyoko! Maji yakashuka upande wetu, yakipiga kelele kama watoto waliotoka kuoga.

Bi Nakijwa hakushuka mlimani siku ile. Alikaa pale pale kando ya mdomo, akila ndizi. Mashamba yetu yalipopata nusu ya kushiba, akakirudisha kizibo, akaufungua mdomo wa ng'ambo, kisha akarudi kukikalia kizibo chetu. Watu wetu wakapanda mlima kwa hasira. "Bibi, bado tuna kiu. Haki ni yetu mpaka tushibe." Naye akawajibu, "Mimi nimeshiba. Anayetaka kuondoa kizibo na aniondoe kwanza." Wakamtazama. Wakapima kwa macho. Wakashuka.

Mwaka ule hakuna kijiji kilichojaza ghala, na hakuna kilicholala njaa. Mahindi ya mama yake Mbonea yalitoka mafupi, mama akayasifu hivyo hivyo.

Kiangazi kilichofuata wazee wa vijiji viwili walikaa, wakabadili mila. Kila kijana akampakia mzee wa wenzake, na mzee wa kwanza kuvuka jiwe bado ndiye aliyechagua mdomo, akikumbuka alivyobebwa. Kuanzia hapo hakuna mzee aliyefungwa kwa kamba mbovu, na hakuna aliyelishwa uji wa kuonyeshwa sufuria. Vijana walipanda kwa makini mno, wakiuliza kila kona, "Mzee, uko salama? Mzee, upepo haukusumbui?" Mbio zikawa ndefu ajabu. Bi Nakijwa alizipenda zaidi hivyo, kwa sababu ndizi zilikuwa zikiisha zote kabla ya kufika.

Alipofariki, walimpandisha mlimani mara ya mwisho. Si watu wetu waliombeba. Ni wa ng'ambo, Senkondo akiwa mbele, na kila walipolemewa hawakuhema. Waliimba.

Basi, enyi mnaonisikiliza, mbebeni vizuri mnayeshindana naye. Hamjui nani atakuwa mbele mkifika.

Hadithi yangu imevuka jiwe. Mimi nashuka, kanyageni ninyi.