Kibuyu cha Kanga

"Paukwa, mlioshiba."

"Pakawa."

"Paukwa, mlio na njaa."

"Pakawa."

"Basi sogeeni, maana hii inawahusu wote."

Hapo zamani za kale, katika bonde moja, mvua ilikata. Humo aliishi Kanga na vifaranga wake. Wa mwisho aliitwa Tunu.

Desturi ya bonde ilikuwa hii: ukivuna, kabla hujaonja, unajaza kibuyu cha mbegu za mtama na kukitundika juu ya jiko, moshi uzuie wadudu. Kibuyu hicho hakiguswi mpaka mvua inyeshe.

Kiangazi cha kwanza akaja Korongo kutoka nchi za baridi, amebeba unga. Wanyama wakala, wakapona, wakashukuru.

Kanga akasema, "Ahsante, Bwana Korongo. Sasa tusaidie mfereji. Mto uko nyuma ya mwamba ule. Ngiri anachimba, ila mwamba umemshinda. Wewe mdomo wako mgumu."

"Mfereji ni kazi ya miaka, mama. Kwetu wanataka kusikia mmeshiba leo. Haya, watoto waimbe kidogo, nikawasimulie."

Watoto wakaimba.

Kiangazi cha pili Ngiri alikuwa ameacha kuchimba. Akatungua kibuyu chake, akapika mbegu zote.

"Jirani," akamwambia Kanga, "wewe endelea kufukiza mbegu kama mwali. Korongo anakuja."

"Unga hauoti, Ngiri."

"Wala hautaki jembe."

Majirani wakacheka, wakatungua vibuyu vyao. Korongo akaja na unga. Kanga akaomba mfereji, akajibiwa vilevile. Watoto wakaimba.

Kiangazi cha tatu Korongo akaja mikono mitupu.

"Kwetu wamechoka kusikia njaa yenu," akasema. "Wanasema mmezoea kulishwa. Tena kuna bonde jingine, njaa yao bado mpya."

Akaruka, akaenda zake.

Kanga akachimbua mizizi porini. Vifaranga wakubwa wakaitafuna. Tunu haikumpita kooni. Akalala kando ya jiko, akatazama juu.

"Mama, kile kibuyu."

"Kile ni cha mvua, mwanangu."

"Mvua inakuja lini?"

Kanga hakujua. Mara mbili alinyoosha shingo akitungue, mara mbili akawatazama vifaranga wengine, akakiacha. Mara ya tatu aliponyoosha shingo, Tunu alikuwa hahitaji tena.

Kisha mvua ikanyesha. Bonde zima halikuwa na mbegu, ila kile kibuyu. Ngiri akaja, kichwa chini.

"Mama Tunu, nisaidie konzi moja."

"Usiniite hivyo." Kanga akampimia konzi moja. "Panda. Ukimaliza, rudi kwenye mwamba. Wewe na wote mliocheka."

Wakapanda, wakachimba. Ngiri alivunja pembe moja kwenye mwamba ule, lakini maji yakapita.

Siku moja Korongo akapita juu, akaona mtama umesimama.

"Mnaona?" akasema. "Unga wetu uliwafaa. Haya, watoto waimbe."

Kanga alikuwa akipalilia. Hakuinua kichwa. Hakuna mtoto aliyeimba.

Basi jueni: anayekupa unga mshukuru, lakini mbegu usiipike. Nawe unayetoa, ukiombwa mfereji, usidai wimbo.

Jiko limezimika, moshi umetawanyika, na ngano yangu imelala hapo.