Kwa Nini Mkubwa wa Waonja Chai Huipa Meza Mgongo

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa, maana mbele huko hakuna kicheko.

Zamani, kabla bibi zenu hawajazaliwa, wauza chai wa huku milimani walionja majani kwa kufuata umri. Mkubwa alitangulia, wadogo wakafuata. Mkubwa akishasema, basi, limesemwa. Nani wewe, uliyeota meno juzi, umwambie mzee kwamba ulimi wake umekosea? Hata ukikuta majani yananuka moshi, ulimeza ukasema, "Ni kama alivyosema mzee."

Duka la akina Shemdoe lilikuwa kongwe kuliko yote. Babu alilifungua, baba akalirithi, kisha likawa la Mzee Shemdoe, aliyefiwa na mke akabaki na binti mmoja, Mwanamvua. Binti huyo hakumjua mama yake. Alilelewa na Shangazi Mwantumu, dada yake Mzee, mwanamke mwembamba wa mwili lakini maneno yake, weee! Huyo bila chai ya rangi asubuhi na alasiri hakusemezeka. Ndiyo maana pakiti ya kwanza ya kila mchanganyiko mpya ilipelekwa kwake, kabla ya mteja yeyote.

Mwaka mmoja masika yaliingia na homa. Mzee Shemdoe aliugua wiki tatu akapona, ila ulimi haukupona. Chumvi, sukari, shubiri, kwake vyote vilikuwa maji. Masikini, hakumwambia mtu. Mwonja chai asiyeonja ni nani? Akawa anatazama rangi kwenye bakuli, anafumba macho kidogo kama zamani, anasema, "Yamekaa sawa." Na wadogo nao: ni kama alivyosema mzee.

Ndipo yakaja majani kutoka shamba la bondeni, yamefungashwa kwenye magunia yaliyowahi kubeba dawa ya kuulia panya. Mfungashaji aliyakung'uta tu akaona inatosha. Majani yakachanganywa, maji yakachemshwa, mabakuli yakapangwa mezani. Mzee akaonja. "Yamekaa sawa," akasema, na wafanyakazi wanne wakaitikia, mmoja baada ya mwingine.

Mwanamvua alionja wa mwisho kwa kuwa ndiye mdogo. Uchungu ukamshika kwenye mzizi wa ulimi, na haukuwa uchungu wa chai. Akatema kwa siri kwenye pindo la kanga. Akimpinga baba mbele ya watu, atakuwa amemvua nguo. Akajiambia, nitamwambia tukiwa wawili.

"Mbona kimya, mwanangu?" baba akauliza.

"Ni kama ulivyosema, baba."

Ah, binti huyu! Namlaumu, na mimi ningefanya vilevile.

Duka lilipofungwa alasiri, akamwambia njiani. Alitaraji kufokewa. Mzee akashika ukuta, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sionji kitu tangu masika."

Kisha wote wawili wakaikumbuka ile pakiti ya kwanza. Walikimbia, mzee na kiatu kimoja mguuni. Shangazi Mwantumu alikuwa amelala sakafuni jikoni, birika bado lina moto; waonjaji walionja funda moja, yeye alilinywa lote.

"Chai yenu safari hii kali," akasema, akijaribu kutania. Isha haikumkuta hai.

Yale majani yalifukiwa yote. Mwanamvua hakula siku tatu. Kila aliyempa pole, yeye alimwona kama anamsuta, maana alijua kwamba neno moja tu, pale mezani, lingetosha.

Matanga yalipoanuliwa, Mzee Shemdoe aliwakusanya watu wake akawaambia yote, ya ulimi wake na ya magunia, aliyoyajua alipomhoji mfungashaji. Wengine walikiri kwamba nao waliusikia ule uchungu.

"Baba, mimi niliujua kabisa," Mwanamvua akasema, analia.

"Najua. Ulinitazama usoni ukashindwa. Heshima mliyonipa ndiyo iliyomzika dada yangu. Kuanzia leo mdogo aonje kwanza, aseme kwa sauti. Mimi nitageukia ukuta, msiuone uso wangu."

Akageuka. Mwanamvua akaonja majani mengine, majani mazuri, lakini hakuthubutu kumeza. Akayatema mbele ya wote, akasema, "Haya ni mema."

Na tangu siku hiyo, waonja chai wa milimani huanza na mdogo. Huonja, hutema, husema, na mkubwa huipa meza mgongo mpaka wote wamalize. Wageni hudhani ni maringo ya uzee. Mdogo akisema "Chungu," majani humwagwa, hata kama wengine wote hawakuusikia uchungu.

Mwanamvua naye alizeeka, ikawa zamu yake ya kugeukia ukuta. Wanasema kila neno "Chungu" liliposemwa nyuma yake, alilia, na kwa desturi ile ile hakuna aliyeruhusiwa kumtazama uso.