Ukungu Hulala Wapi Mchana?

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi zetu waliisikia kwa bibi zao, kulikuwa na shule ya wanyama juu mlimani. Huko ukungu uliingia darasani bila hodi, ukaketi kwenye benchi la nyuma kama mwanafunzi mgeni. Mwalimu alipoita majina, wanyama waliitikia mmoja mmoja, na ukungu nao ukasogea kidogo, kana kwamba unangoja kuitwa.

Katika shule hiyo alisoma Sange. Mnamjua Sange, wanangu? Ni yule mnyama mdogo anayeenea kwenye kikombe, mwenye pua ndefu isiyotulia. Huku ananusa, kule ananusa, fii, fii, fii! Akili alikuwa nayo tele. Lakini akisimama mbele ya wakubwa, sauti ilimkauka kooni.

Na sheria ya shule ilikuwa kwamba kila mwanafunzi wa darasa la mwisho afanye utafiti wake, kisha auwasilishe mbele ya shule nzima. Mara ya kwanza Sange alisimama, akawatazama Tembo na Kifaru, akanyamaza mpaka kengele ikalia. Mara ya pili alijificha chini ya mkeka, wakamtafuta mpaka wakachoka.

"Sange," Mwalimu Hondohondo akamwambia, akilifumba na kulifumbua lile domo lake kubwa, kwa! kwa! "Hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Ukinyamaza tena, funga vitabu vyako urudi nyumbani. Na mkumbuke nyote, mada moja haisomwi mara mbili. Atakayetangulia kuisoma ndiye mwenyewe."

Sange akavikumbatia vitabu vyake. Alikuwa akiipenda shule ile kupita kiasi. Tena wakubwa kwa umbo ndio waliotangulia kuwasilisha siku zote, na yeye alikuwa wa mwisho kabisa.

Basi akachagua mada. Swali lake lilikuwa hili: ukungu hulala wapi mchana?

Msicheke. Alilitafuta jibu wiki nyingi. Kila kulipopambazuka alitoka na ganda tupu la konokono, akapanda juu ya uyoga uliokuwa kwenye gogo nyuma ya shule, akakaa kimya chini ya majani ya kangaga. Ukungu ukaja polepole, mweupe, laini, ukamfunika mpaka hakujua yeye anaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Wakati mwingine alihisi anaelea. Wakati mwingine alihisi ni mlima unaoota ndoto, na yeye yumo ndani ya ndoto hiyo. Kisha, to! Tone likaanguka gandani. To! To! Sange akahesabu.

Utafiti ukaisha. Zikabaki siku saba za mazoezi.

Akaanza nyumbani. Akapanga masufuria, vikombe na mwiko, akavisimamia.

"Ndugu Sufuria, mabibi na mabwana Vikombe..."

"Mwanangu," mama yake akamkatiza huku akikoroga uji, "vikombe havina macho. Wewe unaogopa macho. Nenda nje ukasemee huko."

Akaenda pale penye gogo lake. Na kwa kuwa alikuwa mwoga, akawa anajipa maagizo kwa sauti, katikati ya maneno yake: "Ukungu hauendi mbali. Hapa natulia, nahesabu mpaka tatu. Hujificha kwenye majani. Hapa naogopa, lakini naendelea."

Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu hivyo.

Siku ya nne, ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Sange aliona matawi mawili makavu yakichomoza kwenye kangaga. Mazuri, yamejikunja, yana matone nchani. Akayatazama kwa kuyapenda. Mara tawi likapiga chafya.

"CHYAAA!"

Sange akaganda. Matawi gani hayo yenye mafua? Zilikuwa pembe za Nyati! Na Nyati mwenyewe alikuwa chini yazo, amelala kifudifudi, midomo inamchezacheza. Alikuwa anakariri! Muhula mzima alikuwa amelala kwenye tope, hana utafiti, hana hata swali, na siku yake ya kusoma ilikuwa inakaribia.

Sange akajifanya hajasikia. Akashuka taratibu, kisha, tik-tik-tik, mbio mpaka nyumbani, akajitupa mapajani kwa mama yake akalia kwa kwikwi.

"Ataisoma kabla yangu, mama! Yeye wa tatu, mimi wa mwisho. Mada itakuwa yake!"

"Nenda ukamwambie Mwalimu."

"Nani ataniamini? Nyati atanguruma mara moja tu, nami nitanyamaza kama kawaida yangu."

Mama akampa uji. Sange akanywa, pua imezama kikombeni. Mvuke ukampanda usoni, naye akawa anautazama, anautazama, mpaka machozi yakakauka. Ghafla akacheka, hi hi hi!

"Una nini tena?" mama akauliza.

"Mama, kesho nitasoma kwa sauti kubwa zaidi."

Na kweli. Siku ya tano, ya sita na ya saba alisimama juu ya uyoga akasoma kila kitu, wazi, polepole, asiruke neno. Alieleza alivyokaa, alipokaa, na alichoshika mkononi. Na yale maagizo yake hakuyaacha hata moja. Kangaga zikatulia tuli. Hata pumzi haikusikika.

Siku ikafika. Shule nzima ilikaa uwanjani nyuma ya shule, karibu na lile gogo, na ukungu ulikuwa mwingi hata Twiga alionekana shingo tu. Tembo akasoma utafiti wake. Kifaru akasoma wake. Kisha akaitwa Nyati.

Nyati akasimama, kifua mbele.

"Swali langu: ukungu hulala wapi mchana?"

"Aaaa!" wanyama wakashangaa. Swali zuri namna ile, kutoka kwa Nyati!

Sange alikuwa huko mwisho wa safu. Ingawa alijua, iliuma. Yalikuwa maneno yake, asubuhi zake zote, sasa yanatoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Ukungu hauendi mbali," Nyati akanguruma. "Hapa natulia, nahesabu mpaka tatu."

Wanyama wakatazamana.

"Hujificha kwenye majani. Hapa naogopa, lakini naendelea."

"Unaogopa nini, kaka?" Kima akauliza kutoka mtini. Kicheko kikapita, ki ki ki!

Lakini Nyati aliyameza maneno kama yalivyo, na kama yalivyo akayatapika. "Hapa napangusa pua yangu ndefu. Ukungu ukichoka, hushuka tone kwa tone mpaka kwenye mizizi, na mizizi huupeleka kijitoni. Ndiyo maana kijito chetu hakikauki hata mvua ikikosekana. Niliyahesabu matone hayo asubuhi arobaini, nimekaa juu ya uyoga, nimeshika ganda la konokono. Ahsanteni. Hapa nainama."

Akainama. Wengine wakapiga makofi, wengine wakakuna vichwa.

"Kuna swali?" Hondohondo akauliza.

Sange akasimama. Macho yote yale! Koo likaanza kukauka, kama mara ile ya kwanza. Akamtazama Nyati, akaziona zile pembe, naye akakumbuka kwamba pembe hizo alikuwa ameshazisomea siku tatu nzima. Akapumua.

"Mimi nina swali!"

Shule nzima ikageuka. Wengi hawakuwa wameisikia sauti ile hata siku moja.

"Kaka Nyati, utafiti mzuri sana. Uyoga wenyewe si ule pale kwenye gogo? Tunaomba utuonyeshe ulivyokaa. Na ganda la kushika hili hapa."

"Naam," Mwalimu akasema, "mtafiti huonyesha alivyofanya. Kaa, mwanangu."

Nyati akautazama uyoga. Uyoga nao ulikuwa mdogo, mweupe, umetulia. Jasho likamtoka. Angesema nini? Ameshasema asubuhi arobaini! Akakigeuza kile kiuno chake kikubwa, akajishusha kidogo, akajishusha tena...

PWATAAA!

Uyoga ukawa uji, gogo likavunjika, kraaa! Nyati akabingirika matopeni miguu juu, na lile ganda la konokono alilopewa kushika likawa vumbi kwatoni mwake. Wanyama walicheka mpaka ukungu ukatikisika.

Sange akapita katikati yao, tik-tik-tik. Kwenye kipande cha gogo kilichobaki kulikuwa na uyoga mwingine, mdogo kuliko wa kwanza. Akaruka juu yake. Haukuinama hata kidogo. Akakaa, akakunja mkia, akainua pua. Ukungu ukaja wenyewe ukamzunguka, taratibu, kama ulivyomzoea, na shule nzima ikanyamaza kuutazama. To! Tone likadondoka kutoka jani la kangaga. To!

"Hilo ni la kwanza na hilo la pili," Sange akasema. "Mwalimu, niendelee?"

"Endelea, mwenye mada," Hondohondo akamjibu.

Akaendelea. Alisema yote mpaka mwisho, sauti haikukauka, na walipomwuliza maswali kumi aliyajibu kumi. Siku hiyo Sange alifaulu. Nyati akaambiwa arudie mwaka, aanze na swali lake mwenyewe.

Baadaye Nyati akamfuata, tope limemkaukia mgongoni.

"Dada Sange, kwani ulijua kuwa nipo?"

"Tangu ulipopiga chafya."

"Sasa mbona hukunyamaza?"

"Kaka yangu," Sange akasema, na hakuwa anamcheka, "maisha yangu yote nimewaogopa wakubwa. Wewe ndiye mkubwa wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Ulikuja asubuhi baada ya asubuhi. Tena wewe ndiye uliyekuwa unaogopa hata kupumua!"

Nyati akainamisha kichwa. Safari hii hakuna aliyemwagiza.

Basi wanangu, ukimwibia mwenzako maneno utapata maneno tu, maana kazi yenyewe hubaki kwa aliyeifanya.