Mkono wa Siwema na Nyungu ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Hebu rudieni. Mmeitikia kama watu walioshibia hadithi mahali pengine, nami mahali penyewe napajua. Jana niliwasikia mkicheka uani kwa Bi Zuwena mpaka mboga yangu ikaungulia chunguni. Haya, paukwa!

Pakawa!

Sasa mmekuja. Sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakiazimana moto na chumvi, palikuwa na mkandaji mmoja jina lake Siwema. Kazi yake ilikuwa kukanda matumbo. Mwenye mimba alikwenda kwake, aliyevimbiwa alikwenda kwake, aliyeteguka kiuno alikwenda kwake. Siwema alijipaka mafuta ya nyonyo viganjani, akafumba macho, akakanda, na mkono ukamwambia kilichokuwa ndani. Haukuwahi kukosea.

Mumewe alikuwa Feruzi, msuka vikapu. Bwana huyo alijaliwa kicheko, jamani! Alikuwa akianza kucheka hata aliyefiwa na kuku anatabasamu. Shida ni kwamba kicheko hicho hakikuchekwa nyumbani. Kilichekwa upande wa pili wa ua, kwa Mama Ngiri.

Mama Ngiri alipika pombe ya mtama, na hapakuwa na aliyemfikia. Kila alasiri alitoa nyungu katikati ya ua, wanywaji wakaizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu mkononi. Lakini hakuna aliyetumbukiza mrija kabla mwenyewe hajaonja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao. Mama Ngiri alichota kata iliyojaa, akainywa yote mbele ya macho yao, akasimama kimya. Wakamtazama. Wakangoja. Kisha wote wakapiga kelele:

"Ameonja, hajaanguka, ni salama!"

Siku mwenye nyungu asipoonja, pombe ilikuwa lazima imwagwe. Wale watu waliamini kwamba kinachoua huua papo hapo, na kisichokuangusha leo hakina neno nawe.

Siwema aliyasikia hayo kila siku akiwa jikoni kwake. Alisikia kelele, halafu akasikia kicheko cha Feruzi, na wivu ukamkaba koo. Sitawaficha. Alimwonea wivu Mama Ngiri kwa ua wake usioisha wageni. Alimwonea wivu kwa nyungu yake. Alimwonea wivu hata kwa yale meno yake yaliyojikunja, kwa kuwa Feruzi aliwahi kuyasifu. Mnacheka? Mwanamke mzima kumwonea wivu ngiri! Subirini na nyinyi mkue.

Basi siku moja Tumbili alikuja kukandwa. "Siwema dada yangu, nina kichomi hapa chini ya mbavu." Siwema akampapasa upande wa kulia, mkono ukakutana na kitu kigumu. Akashangaa. Akanyamaza.

Wiki ya pili akaja Punda, tumbo limejaa maji, macho manjano. Siwema akampapasa upande wa kulia, mkono ukakutana na kitu kigumu. Akashangaa. Akanyamaza.

Wiki ya tatu Feruzi akasema, "Mke wangu, hebu nikande kidogo, chakula hakishuki." Siwema akafumba macho, akampapasa upande wa kulia, na mkono ukakutana na kitu kile kile. Safari hii hakunyamaza. Alifumbua macho akalia.

"Ni ini, Feruzi. Limeanza kuwa jiwe. Ini la Tumbili ni jiwe, la Punda ni jiwe, na wote watatu mnakalia nyungu moja. Acha pombe, mume wangu, utakufa."

Feruzi akacheka kicheko chake kizuri. "Nife kwa pombe ya Mama Ngiri? Si huwa anaionja kila siku?" Akachukua mrija wake akatoka.

Siwema akamfuata mpaka uani. Akasimama mbele ya wanywaji wote akasema kwa sauti, "Jamani, mkono wangu umeshika, na mkono wangu haudanganyi! Pombe hii inageuza ini kuwa jiwe. Haiangushi leo. Inaua polepole."

Mama yangu, maneno yakamwagika!

Fisi akasema, "Babu yangu alikunywa tangu anaota meno mpaka yalipong'oka, na hakuugua hata mafua."

Korongo akasema, "Kidogo kidogo ni dawa. Inasafisha damu. Nimeambiwa na mtu anayejua."

"Anayejua ni nani?" akauliza Siwema.

"Mtu tu. Anajua."

Tumbili, yule yule mwenye kichomi, akasema, "Mwaka jana ulituambia tusile pilipili tukiwa na vidonda vya tumbo. Sasa pombe. Mwakani utatukataza kupumua."

Punda naye? Alikuwa amelala kwenye mkeka, ila mrija ulikuwa mdomoni.

Ndipo Mama Ngiri akajitokeza mlangoni, mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole ule unaokata. "Siwema jirani yangu, mume akicheka kwangu, dawa yake ni kumchekesha kwako. Usilisingizie ini lake."

Weee! Ua mzima ukalipuka. "Wivu huo, Siwema! Wivu! Wivu! Wivu!" Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Feruzi.

Siwema akarudi nyumbani uso unamwaka. Kilichomuuma ni kwamba walisema kweli. Wivu alikuwa nao, tena mwingi. Akaanza kujiuliza, je, ni mkono wangu uliosema au ni wivu wangu? Akauficha mkono ndani ya kanga.

Haikupita miezi miwili Punda akafa. Siwema akasema tena, kwa sauti ya chini, pale pale msibani. Wakamjibu, "Punda ameuawa na mizigo. Hujaona alivyokuwa akibebeshwa?" Wakamzika, halafu wakaenda kunywa kwa ajili yake. Mama Ngiri akaonja. "Ameonja, hajaanguka, ni salama!" Na Feruzi, macho yake yakiwa yameanza kuwa manjano, akatumbukiza mrija wake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana Bi Zuwena hapa angewapitisha mbio mbio.

Asubuhi moja mlango wa Siwema ukabishwa hodi. Alikuwa Mama Ngiri, amejitanda ushungi mpaka machoni asijulikane.

"Jirani, najua hunipendi. Lakini nina uzito hapa ubavuni, na mikono yako naiamini." Akajilaza. Kisha akasema, huku anatazama dari, "Unajua, nami nakuonea wivu. Kwangu wanakuja wakicheka. Wakiumwa wanakuja kwako. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mimi panapomuuma."

Siwema akasogea karibu. Alijipaka mafuta, akafumba macho, akampapasa upande wa kulia.

Jiwe. Tena kubwa kuliko yote aliyowahi kuyashika, kwa maana kila nyungu iliyopikwa miaka yote ile, kata ya kwanza iliyojaa ilikuwa ya Mama Ngiri.

Moyo wa Siwema ukaruka kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha! Mbona mnanikodolea macho? Wivu ukamnong'oneza: nyamaza. Mwache aendelee kuonja. Akiondoka yeye, ua utafungwa, na kicheko kitarudi nyumbani.

"Je?" akauliza Mama Ngiri.

"Ni uchovu tu," akasema Siwema. "Nenda kapumzike."

Mama Ngiri akashukuru, akaenda zake. Siwema akachukua mtungi akaenda kisimani, akijiona mwepesi kama msichana.

Kisimani akamkuta mjane wa Punda anateka maji. Wakasalimiana. Mjane akasema, "Nasikia walikucheka kwa sababu ya wivu. Wewe una wivu gani? Mimi nilikuwa nao! Punda akichelewa kidogo tu, nilikuwa nasimama mlangoni nahesabu nyayo. Nilikuwa nanusa hata kamba zake. Nilisema, Mungu, niondolee mateso haya."

Akainua mtungi, ukamshinda, akautua tena.

"Basi ameniondolea. Siku hizi sina wivu kabisa, Siwema. Simwonei wivu mtu yeyote. Nimepumzika." Na machozi yakamtoka, yakadondokea ndani ya mtungi.

Siwema akaacha mtungi wake pale pale kisimani, akakimbia.

Alifika uani alasiri, wanywaji wameshazunguka. Mama Ngiri alikuwa ameinua kata, imefika mdomoni. Siwema akaruka mirija, akamruka Korongo, akaipokonya ile kata, pombe ikamwagika miguuni mwao wote wawili.

"Wivu huo, Siwema!" wakapiga kelele. "Wivu! Wivu! Wivu!"

"Ndiyo!" Siwema akapiga kelele kuwashinda. "Ni wivu! Namwonea wivu huyu mama asubuhi, namwonea wivu mchana, namwonea wivu nikilala. Mlidhani wivu wangu ndio uliowaonya? Wivu wangu leo asubuhi ulinyamaza! Nimempapasa Mama Ngiri, nimekuta jiwe, nikamwambia ni uchovu, ili afe anipishe. Huo ndio wivu, kama hamjawahi kuuona. Sasa hivi kinachosema ni mkono!"

Mama Ngiri akamtazama Siwema machoni. Polepole akaweka kiganja chake mwenyewe chini ya ubavu wa kulia, akabonyeza. Nyuso zote zikamgeukia, wakangoja, kama walivyozoea kungoja aanguke au asianguke.

"Lipo," akasema.

Siwema akamrudishia kata, achague mwenyewe. Mama Ngiri hakuipokea. "Leo sionji," akasema.

Mwenye nyungu akikataa kuonja, pombe humwagwa. Sheria ni yao wenyewe. Wakaiinamisha nyungu, mtama ukaenea uani, kuku wakakimbilia. Fisi akachukua mrija wake akasema ng'ambo ya kilima kuna mpishi mwingine anayeonja bila maneno mengi, akaondoka, na Korongo akamfuata. Tumbili akabaki anajipapasa ubavu, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Feruzi alikaa kitambo na mrija mkononi. Mwisho akauvunja gotini, akasema, "Siwema, twende nyumbani ukanikande vizuri."

Akamkanda. Jiwe lilikuwepo. Akamkanda mwezi huo na mwezi uliofuata. Halikulainika lote, sitawadanganya, lakini liliacha kukua, na macho yakarudi kuwa meupe. La Mama Ngiri lilichukua muda mrefu zaidi, na Siwema ndiye aliyekuwa akimkanda kila Ijumaa, kwa mafuta mengi na maneno machache.

Uani nyungu haikuondoka. Mama Ngiri sasa alipika togwa, tamu, isiyolevya, na walioipenda wakaja kuinywa. Feruzi naye akaja. Na alasiri moja Siwema akiwa jikoni akasikia kile kicheko, kizuri kama zamani, kinatoka kule kule kwa Mama Ngiri.

Wivu ukamkaba koo.

Akaacha mwiko chunguni. Akasimama mlangoni akasikiliza mpaka kicheko kikaisha, akangoja kianze tena. Kikaanza. Akamkumbuka mjane wa Punda aliyepumzika, akajishika kifua, akasema, "Ahsante, Mungu. Bado ninaye wa kumwonea wivu."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiikuta kesho kwa Bi Zuwena imevaa nguo nyingine, mwambieni mama yake ni mimi.